Mlango wa Kupanga Nyumba: Kuutazama Mtaa Kabla ya Kutoa Kodi

Bismillahir Rahmanir Rahim

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: kupanga nyumba ni mkataba katika mikataba ya Sharia, na jina lake katika vitabu vya fikihi ni ijara. Mpangaji hanunui kuta wala bati. Anunua manufaa ya kukaa, kwa muda ujulikanao na kwa kodi ijulikanayo. Na manufaa ya kukaa hayamo ndani ya kuta nne peke yake. Yamo katika njia ya kuiendea nyumba, na katika maji ya kisima au bomba, na katika msikiti na chuo cha watoto, na katika jirani aliye ukuta kwa ukuta. Aliyetazama chumba asitazame mtaa, huyo hajakijua alichokipanga.

Na sababu ya kuhimiza jambo hili ni kuwa ijara, ikisha kufungwa kwa masharti yake, ni mkataba wa lazima. Katika madhhab ya Imamu Shafi'i haivunjiki kwa udhuru wa mpangaji mwenyewe. Akisema, "Kazi imekuwa mbali," au, "Jirani ni mwovu," hapati kwa hoja hiyo kurudishiwa fedha zake, illa mwenye nyumba aridhike. Na desturi ya Dar es Salaam ni kutoa kodi ya miezi sita, au ya mwaka mzima, kabla ya kuingia. Jambo ambalo lajuzu, lakini lafunga mkono wa mtoaji. Kwa hiyo kutazama ni kabla ya kutoa. Majuto yajayo baada ya kutoa hayarudishi kitu.

MAS-ALA YA KWANZA: KUIONA NYUMBA NA MAHALI PAKE

Haisihi kupanga nyumba ambayo mpangaji hakuiona, wala hakumwakilisha mtu amwonee. Dalali akituma picha katika simu, na mtu akatuma fedha kwa picha ile, basi ajue ya kuwa picha haisimami mahali pa jicho. Picha haionyeshi harufu ya mtaro, wala alama ya maji ukutani.

Na mfano ni Kawe, kata ya Wilaya ya Kinondoni, kando ya bahari, kaskazini ya mji. Mahali hapa palijulikana zamani kwa kiwanda cha nyama ya makopo cha Tanganyika Packers. Kiwanda kilikwisha kufungwa, na jina limebaki katika viwanja vyake. Zipo nyumba upande wa pwani na kando ya barabara kuu, na kodi zake hupanda. Na zipo za ndani, kama Ukwamani na Mzimuni, ambako wengi hupanga chumba kimoja au viwili katika nyumba ya watu kadhaa. Na uko Mto Mlalakua, ushukao baina ya Mikocheni na Kawe hata kuingia baharini.

Mto huu wakati wa kiangazi ni mfereji mdogo, mtoto huuvuka. Masika yakifika, baina ya Machi na Mei, huwa mwingine. Basi mwenye kwenda kutazama nyumba mwezi wa Agosti na aulize khabari za Aprili. Asimwulize dalali, bali amwulize mzee aliyekaa hapo miaka mingi. Na autazame ukuta kwa chini: rangi ikiwa imebabuka kwa mstari mmoja ulionyooka, huo ndio urefu wa maji yaliyopita.

Mwenye kuyaona haya kuwa ni wasiwasi na akumbuke Desemba 2011. Mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam, bonde la Msimbazi likafurika, wakafa watu takriban 40, na maelfu wakakosa makao. Serikali iliwahamisha wengi katika wao kwenda Mabwepande, katika Kinondoni hiyo hiyo. Kisha mwisho wa 2015 nyumba nyingi za bondeni, upande wa Mkwajuni, Kinondoni, zilibomolewa. Na Sheria ya Mazingira ya 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au wa bahari. Kwa hiyo mpangaji na apime kwa hatua kutoka mtoni hata mlangoni, na atazame kama ukutani pana alama ya X nyekundu. Nyumba yenye alama hiyo mwenyewe hajui atakuwa nayo hata lini. Vipi atamuuzia mwingine manufaa yake?

Hesabu yake ni hii. Tuseme nyumba ya bondeni ni shilingi 100,000 kwa mwezi, na ya mwinuko ni 130,000. Tofauti kwa miezi sita ni 180,000. Mtu hufurahi kwa hiyo 180,000. Na usiku mmoja wa mafuriko huondoka na magodoro, na unga, na misahafu, na pengine na mtoto.

Nyumba ikibomoka baada ya miezi miwili, ijara imevunjika kwa muda uliobaki, na mwenye nyumba wajibu wake kurudisha fungu la miezi minne, nalo ni 400,000. Hiyo ndiyo hukumu. Lakini fedha zikiwa zimekwisha kutumika, mwenye haki atakaa na haki yake nje mvuani.

MAS-ALA YA PILI: MSIKITI NA CHUO

Imepokewa kuwa Bani Salima, kabila katika Ansari, majumba yao yalikuwa mbali na msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina, wakataka kuyauza wahamie karibu. Mtume akawaambia wakae mahali pao, kwani nyayo zao za kwendea msikitini zaandikwa. Katika khabari hii mna mafunzo mawili. La kwanza, sahaba walipofikiri makao walifikiri msikiti. La pili, asiyepata nyumba ya karibu asijitie katika deni asiloliweza; atembee, na thawabu zake zi katika nyayo zake.

Lakini kuna umbali wa kutembea na kuna umbali wa kukosa. Kutoka Kawe hata katikati ya mji ni zaidi ya kilomita 10, na magari asubuhi hujaa. Mwenye kutoka kabla ya alfajiri na kurudi baada ya isha, watoto wake hulelewa na mtaa. Basi na aende mtaani mara tatu kabla ya kutoa fedha: wakati wa alfajiri, aone kama njia ya msikiti ina amani; wakati wa alasiri, aone watoto wa mtaa wako chuoni au wako wapi; na baada ya isha, asikie mtaa wasema nini usiku. Na aende na mkewe mara moja, kwani yeye ndiye atakayekaa hapo mchana kutwa, na ndiye atakayejua kama maji yatoka au hayatoki.

MAS-ALA YA TATU: JIRANI

Mtume (s.a.w.) amehesabu jirani mwema na nyumba ya wasaa katika mambo ya saada ya mtu. Na alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na jirani mwovu katika makao ya kudumu, kwani jirani wa safarini huhama. Aliyelipa kodi ya mwaka amekwisha kuwa mtu wa makao ya kudumu.

Wala isifahamike kuwa jirani mwema ni Mwislamu tu. Dar es Salaam ni mji wa watu wa dini mbali mbali, na haki ya ujirani ni ya wote. Abdullahi bin Amri alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake aliuliza kwanza kama jirani yake Myahudi amepelekewa. Linalotazamwa ni amana na adabu. Na katika nyumba ya vyumba vingi huulizwa mapema: choo ni cha watu wangapi, na LUKU ni moja au kila mtu ana yake, kwani ugomvi mwingi wa wapangaji huanzia hapo.

MAS-ALA YA NNE: MANENO YA MKATABA

Kwanza, muda utajwe. Kusema, "Nimekupangisha kila mwezi kwa kadha," bila kutaja miezi mingapi, hakusihi kwa kauli iliyo sahihi katika madhhab. Isemwe: miezi sita, tangu tarehe fulani.

Pili, kodi isifungwe kwa matengenezo. Wengi husema, "Ingia uitengeneze, utakata katika kodi." Sharti hilo laharibu mkataba, kwani gharama haijulikani. Njia yake ni kutaja kodi kamili. Kisha, baada ya mkataba kwisha kufungwa, mwenye nyumba ampe idhini mpangaji atumie kiasi katika kodi ile.

Tatu, ufunguo na matengenezo ni juu ya mwenye nyumba. Paa likivuja asilitengeneze, mpangaji ana hiari ya kuvunja. Ama kufagia uwanja na kutoa taka, hayo ni juu ya mpangaji.

Nne, dalali ujira wake ni halali ukiwa umejulikana. Na akificha aibu ya nyumba ameshiriki katika ghushi, na Mtume amejitenga na mwenye kughushi.

Yote yaandikwe, mbele ya mashahidi wawili, na mjumbe wa mtaa ajue nani ameingia.

Na mwisho wa somo: mpangaji naye ni jirani wa mtu. Kama alivyoulizia khabari za wengine, na mtaa nao wauliza khabari zake. Imani ya mtu haikamiliki hata jirani yake asalimike na shari yake.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Kwa nini ubaya wa jirani hauvunji ijara, na mpangaji afanye nini kabla ya mkataba?
2. Mtu amelipa miezi sita kwa 130,000 kila mwezi, nyumba ikabomoka baada ya miezi mitatu. Arudishiwe kiasi gani?
3. Taja njia iliyo sahihi ya kukata matengenezo katika kodi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.