Ya Kufanya na Kutofanya Unapomwongoza Mwalimu Mwenye Kishikwambi

Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu Tanzania nzima, na bonde la Kilombero likapata fungu lake. Masharti haya ni ya walimu wakuu, walimu wa taaluma na wawezeshaji wa MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), kuanzia Ifakara hadi Mlimba.

Anza na madaftari ya wanafunzi. Kabla hujamuuliza mwalimu ametumia video gani, fungueni pamoja madaftari kumi: la aliyekaa mbele, la aliyekaa nyuma, la yule asiyenyoosha mkono. Kama watoto walitazama moyo ukisukuma damu lakini hawawezi kuchora njia ya damu hiyo, mazungumzo yenu yaanzie hapo.

Usikubali sentensi ya “wanafunzi wengi wameelewa somo.” Imejaa kwenye sehemu ya tathmini ya maandalio ya somo, mara nyingi ikiandikwa kabla kipindi hakijaanza. Mrudishie mwalimu andalio lake, kwa heshima lakini bila kulegea. Aandike nani hakuelewa, alikwama wapi, na video ilisaidia au ilipoteza dakika. Mistari mitatu ya kweli inatosha. Mwalimu aliyezoea kuandika uongo mdogo kila siku hawezi kujitathmini, na sisi viongozi ndio tuliomzoesha, kwa kusaini bila kusoma.

Usisifu chombo pale ambapo kitu chenyewe kipo. Video ya mbegu kuota, kwenye shule iliyozungukwa na majaruba ya mpunga? Watoto watoke nje, wang'oe mche, wahesabu mizizi. Kioo kiwaletee wasichoweza kukifikia: volkano, sayari, chembe hai.

Muulize mwalimu, kila mara: nani hakuona? Kishikwambi kimoja mbele ya darasa lililofurika huonwa vizuri na safu ya kwanza tu. Halafu wapo wasiokuwepo kabisa. Msimu wa kilimo, familia nyingi za bondeni huhamia na watoto wao kwenye mashamba ya mbali. Mwalimu aseme mapema atawafidia vipi watakaporudi.

Usigeuze tafakuri ya somo kuwa ukaguzi. Uthibiti ubora una wakati wake na fomu zake. Kwenye Jumuiya ya Kujifunza ya walimu, mwalimu anayekiri kwamba somo lilimharibikia asikute maneno yake kwenye barua ya kujieleza wiki inayofuata. Likitokea mara moja tu, hakuna atakayesema kweli tena shuleni hapo.

Dai njia ya pili kwenye andalio. Umeme hukatika, bando huisha, na masika hayamngoji mtu. Video ipakuliwe mapema. Chati na ubao viwe tayari.

Usiruhusu picha za watoto zirushwe kwenye makundi ya WhatsApp kama ushahidi wa kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawalinda na watoto pia, na picha ya darasa linalotabasamu haithibitishi kwamba kuna aliyejifunza.

Na wewe mwezeshaji, fundisha kwanza. Ingia darasani na kishikwambi chako, wenzako wakae nyuma na kalamu, wakukosoe waziwazi. Usiongoze kikao cha tafakuri kabla hujapita hapo.