Suluhu ya deni: mpatanishi ana nini mkononi?

Kwanza tuliweke sawa neno moja, maana linatuchanganya hata darasani. Kiswahili chetu kinatumia "usuluhishi" kwa mambo mawili. Mahakama Kuu ya Tanzania ina Kituo cha Usuluhishi, ambako wadaawa wanasaidiwa kukubaliana wenyewe, bila kuamuliwa. Lakini Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020 inahusu mtu anayesikiliza pande mbili kisha anatoa uamuzi unaowafunga. Afadhali wale wa migogoro ya kazi, wanaojiita Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mimi hapa nitasema mpatanishi na mwamuzi. Fiqhi ya Kiislamu nayo inatenganisha sulhu na tahkimu. Ya kwanza ndiyo iliyotupa neno "suluhu", ya pili ina mzizi mmoja na "hakimu".

Sasa twende benki. Chukua dereva anayetaka bajaji ya shilingi 9,000,000. Benki ya kawaida inamkopesha hizo fedha kwa riba. Akikwama, mpatanishi ana vitu vya kuweka mezani: marejesho yapunguzwe, muda uongezwe, adhabu zifutwe. Benki haioni shida sana, kwa sababu kila mwezi unaoongezeka una riba yake.

Benki ya Kiislamu, kwa mkataba wa murabaha, inanunua bajaji yenyewe halafu inamuuzia dereva kwa bei iliyotajwa wazi. Tuseme 11,400,000, miezi 24, yaani 475,000 kila mwezi. Hiyo ni bei, na bei ikishafungwa haipandi. Akiugua miezi mitatu, mpatanishi anaweza kumwombea muda, lakini akisema "basi aongezewe mwaka, naye aongeze milioni moja", ameleta riba ileile waliyoikimbia wote wawili. Nia yake ni njema, ila suluhu hiyo inavunja msingi wa mkataba.

Kwa hiyo kazi yake ni ngumu zaidi kuliko inavyoonekana. Qur'ani, katika Sura ya Pili, inaagiza mdaiwa mwenye dhiki angojewe mpaka apate nafuu. Vizuri, lakini benki inayongoja bila kulipwa chochote cha ziada inapoteza, na fedha inazozizungusha ni za wenye akaunti. Ndiyo maana swali la kwanza pale mezani ni kama huyu hana, au anazo na hataki kulipa. Kwa mkaidi, benki nyingi za Kiislamu hutoza faini ya kuchelewa, lakini huipeleka kwenye sadaka badala ya kuihesabu kama faida. (Wapo wanaosema hiyo ni riba iliyovaa kanzu. Mimi naona inategemea kama fedha hizo kweli zinafika kwenye sadaka.) Kwa asiyenacho, kinachobaki ni rejesho dogo zaidi, au kuiuza bajaji kwa makubaliano kabla haijachakaa.

Na wakishindwana? Wengi hudhani kesi itaenda kwa Kadhi. Kenya, kwa mfano, Katiba ya 2010 inampa Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu. Deni la benki halimo.

London ilionekana mwaka 2004 hatari yake. Shamil Bank ya Bahrain iliwadai Beximco wa Bangladesh. Mkataba ulitaja sheria ya Uingereza pamoja na misingi ya Sharia, na wadaiwa wakadai kuwa ule ulikuwa mkopo wa riba uliopambwa kwa maneno ya Kiislamu. Mahakama ya Rufaa ilisema mkataba hauwezi kuongozwa na sheria mbili. Ikatumia ya Uingereza, na wadaiwa wakashindwa. Suala la riba halikuamuliwa kwa misingi ya Sharia.

Malaysia wamechukua njia nyingine. Sheria ya Benki Kuu yao ya 2009 inaitaka mahakama, hata mwamuzi, kuzingatia maamuzi ya Baraza la Ushauri wa Sharia au kulipelekea swali, na jibu la baraza linawafunga. Mpatanishi anayekaa na dereva wetu hana baraza la namna hiyo nyuma yake. Ana mkataba uliopo mezani, na mara nyingi dereva ameusaini bila kufika ukurasa wenye kipengele cha migogoro.