Shubiri na sanamaki: Dawa ya choo isiyofaa kuwa chai ya kila siku

Je, wewe ni miongoni mwa wanaoamini kwamba tumbo ni lazima lisafishwe kila juma? Katika mitaa ya Nairobi, Mombasa au Kisumu hutakosa mtu wa kukuuzia majani makavu au chupa ya maji machungu, akikuhakikishia kuwa dawa yake hutoa uchafu, husafisha damu na kupunguza unene. Baadhi ya dawa hizo hutengenezwa kwa sanamaki au shubiri. Mimea hii imetumiwa kwa karne nyingi, na ni kweli kwamba inafungua choo. Hatari humpata anayeitumia bila kujua inavyofanya kazi.

Kemikali yenyewe

Sanamaki ni ya jamii ya kunde. Mshubiri, ambao Wakamba huuita kiluma na Wajaluo ogaka, ni wa ukoo mwingine kabisa. Hata hivyo, yote miwili hubeba kemikali za kundi moja, ziitwazo antrakwinoni. Kiini cha kemikali hizi ni pete tatu za kaboni zilizoungana, na ile ya katikati imeshika atomu mbili za oksijeni. Nyingi zina rangi ya manjano, ya machungwa au nyekundu. Alizarini, rangi nyekundu iliyotolewa zamani katika mizizi ya mmea ili kutia nguo rangi, ni ya kundi hili hili. Wanakemia wa Ujerumani, Carl Graebe na Carl Liebermann, walifaulu kuitengeneza maabarani mwaka wa 1868.

Katika mimea yetu miwili, kemikali hizi hushikamana na sukari. Zile za sanamaki huitwa senosaidi, na ile kuu ya shubiri huitwa aloini. Sukari hiyo ndiyo siri ya dawa.

Safari ya tumboni

Unapokunywa sanamaki, senosaidi hupita katika utumbo mwembamba karibu zote bila kufyonzwa. Zikifika katika utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo huikata ile sukari, na hapo ndipo dawa huanza kazi. Huchochea misuli ya utumbo isukume choo, na huzuia maji yasirudi mwilini, kwa hiyo choo hulainika. Safari hii huchukua kati ya saa 6 na 12. Ndiyo sababu dawa hunywewa usiku ili mtu apate choo asubuhi. Anayeongeza kikombe cha pili baada ya saa moja kwa kudhani dawa haijashika hujitafutia msokoto wa tumbo na kuharisha.

Sasa fikiria habari ya unene. Chakula hufyonzwa katika utumbo mwembamba, ilhali dawa hii hufanya kazi katika utumbo mpana, chakula kikiwa kimekwisha kuingia mwilini. Ukipanda mizani asubuhi na kuona umepungua, ulichopoteza ni maji na choo, wala si mafuta.

Madhara yake

Maji yanapotoka, hutoka pamoja na madini, hasa potasiamu. Potasiamu ndiyo huwezesha misuli kufanya kazi, na moyo pia ni msuli. Ikipungua sana, mtu hulegea, miguu hukazana na mapigo ya moyo huenda mrama. Mgonjwa wa moyo anayetumia digoksini, au mwenye shinikizo la damu anayetumia dawa za kuongeza mkojo, yumo katika hatari kubwa zaidi. Usimpe mzee wako dawa hizi bila kumwuliza daktari.

Anayezitumia kwa miezi mingi huweza kupata ngozi ya ndani ya utumbo mpana iliyogeuka rangi kuwa ya kahawia au nyeusi. Rangi hiyo hufifia polepole akiacha.

Watu wengi pia huchanganya vitu viwili vya mshubiri. Ute mweupe wa katikati ya jani ndio upakwao kwenye ngozi. Maji ya manjano yaliyo chini tu ya ganda ndiyo yenye aloini, na ndiyo yaliyotupa msemo “chungu kama shubiri”. Mwaka wa 2002, Marekani iliondoa shubiri katika orodha ya dawa za choo zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa usalama wake haukuwa umethibitishwa.

Ufanye nini?

Sanamaki iliyopimwa vizuri ni dawa ya heshima. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu, na huwasaidia sana wagonjwa ambao mofini imewafunga choo. Lakini usiitumie zaidi ya juma moja bila ushauri wa daktari. Waja wazito na watoto wadogo wasipewe kiholela. Mwenye maumivu makali ya tumbo asiyojua chanzo chake, au anayetapika, asiiguse kabisa.

Kwa choo kigumu cha kawaida, anza na maji ya kutosha, sukuma wiki, maharagwe, mapapai na ugali wa unga usiokobolewa, kisha tembea kwa miguu. Choo kikibadilika ghafla kwa majuma kadhaa, au ukiona damu, usikimbilie chupa ya mtaani. Nenda hospitalini upimwe, kwa maana dawa ya kuharisha huweza kuficha ugonjwa ambao ungetibika mapema.