Mteja akisema "gia imekufa", kagua kwanza: somo la lori la rimoti la nitro

Somo la leo ni la sisi tunaouza mitumba mtandaoni, hasa vitu vyenye mashine ndani. Mfano wangu ni lori la rimoti linalotumia injini ya nitro, siyo lile la betri. Haya malori huyakuti kila siku, lakini ukipata zima lina hela nzuri. Ukikosea kulikagua linakula mtaji. Mimi limeshanila.

Mwaka wa kwanza wa duka langu nilipata lori moja kwenye mzigo uliotoka Dubai, nikalinunua 260,000. Nikaliwasha, injini inalia safi, ila gari haliendi. Navuta mafuta, inalia tu pale pale. Mimi na form four yangu nikajisemea basi, gia boksi limekufa. Nikaposti "linauzwa kwa spea, gia mbovu", nikaliachia kwa 120,000. Jioni ile ile aliyenunua akanitumia video, gari linakimbia uwanjani. Akaandika, "Kaka, ilikuwa nati moja tu imelegea." Yaani 140,000 yangu imeondoka kwa nati.

Nikaamua kujifunza. Nimefungua na kufunga mengi tangu siku hiyo, na kubwa nililolishika ni hili: nguvu inasafiri kutoka injini mpaka tairi, na wewe kazi yako ni kuifuata njiani mpaka uone inapopotelea.

Safari yenyewe iko hivi. Injini inazungusha klachi. Spidi ikipanda, viatu vya klachi vinapanuka na kushika kikombe cha klachi. Kwenye kikombe kuna gia ndogo ya chuma, inazungusha gia kubwa, mara nyingi ya plastiki. Gia kubwa ina slipa, yaani klachi ya pili inayoteleza kidogo gari likipata mshtuko ili meno yasivunjike. Halafu boksi la gia, propela, difu, mwisho tairi. Sehemu nyingi zinazosumbua ziko nje ya boksi, unazifikia bila kulifungua.

Kagua kwa mpangilio huu, injini ikiwa IMEZIMWA na imepoa:

1. Lisukume kwa mkono sakafuni. Injini ikizimwa klachi imeachia, kwa hiyo lori linatakiwa kutembea laini. Likiwa zito, angalia breki kama imeshika, beringi kama imekufa, au gia ndogo na kubwa kama zimebanana sana.

2. Tazama gia kubwa. Izungushe taratibu mzunguko mzima, na tochi mkononi. Meno yakiisha sehemu moja tu, gari linashtuka au linasimama huku injini inalia.

3. Pima nafasi ya meno kwa karatasi. Kata kipande chembamba cha karatasi ya kawaida, kipitishe katikati ya gia mbili. Kitoke na mikunjo bila kuchanika. Kikichanika, zimebanana. Kikipita bila alama, zimeachana na meno yataliwa. Rudia sehemu tatu nne za gia, maana inaweza isiwe duara kamili.

4. Jaribu kama kuna kinachoteleza. Nyanyua lori, shika gia kubwa isizunguke, halafu zungusha tairi mbili za nyuma kwa pamoja KURUDI NYUMA. Zikigoma, ni dalili nzuri. Zikizunguka kirahisi, anza na nati ya slipa, ndiyo iliyoniliza mimi. Baada ya hapo angalia viskrubu vidogo visivyo na kichwa vinavyoshika propela, halafu difu. Kwa nini kurudi nyuma? Boksi nyingi za gia mbili zina beringi inayoshika upande mmoja tu, ukizungusha kwenda mbele zinaweza kuzunguka bure hata kama ni nzima. Utaliita bovu lori lisilo na shida.

5. Klachi. Injini inalia lakini kikombe hakizunguki? Viatu vimeisha au vimelowa mafuta. Gari linatambaa lenyewe bila kuvuta mafuta? Spidi ya chini ya injini iko juu mno, au springi ya klachi imekatika, au beringi ya kikombe imekufa. Anza na spidi ya injini, hiyo hainunuliwi.

6. Gia ya pili. Ikigoma kuingia, usikimbilie skrubu ya kurekebishia. Injini yenye mafuta mengi kuliko hewa haifikii spidi ya kubadili, kwa hiyo weka injini sawa kwanza. Baadaye ndiyo uguse skrubu, moja ya nane ya mzunguko kwa mara moja, halafu jaribu. Gia ikiingia mapema mno gari linasinzia, ikichelewa injini inapiga kelele muda mrefu.

Slipa nayo usiikaze mpaka mwisho ukafurahi. Ikikazwa kabisa haitelezi tena, na mshtuko wote unaenda kwenye meno. Fuata kitabu cha lori husika.

Tahadhari: jaribio la injini fanya nje, chini, gari likitembea. Usilinyanyue hewani ukavuta mafuta mpaka mwisho, injini isiyo na mzigo inapanda spidi kupita kiasi na inaharibika. Mafuta ya nitro yana methanoli, ni sumu, na moto wake mchana hauonekani vizuri. Watoto wakae mbali. Petroli usiweke.

Sasa sikia jinsi hili somo lilivyonirudia. Mwaka jana nilimuuzia lori dada mmoja wa Morogoro, alimnunulia mdogo wake. Siku ya nne akanipigia, "Kaka umeniuzia gari bovu, gia imekufa, nirudishie hela yangu." Wadau, nikataka kujibu lilitoka kwangu likiwa zima, walilichezea vibaya. Maneno yalikuwa mdomoni. Nikayameza, nikamwomba video mbili: moja gari chini linavutwa mafuta, nyingine gia kubwa inazungushwa kwa mkono.

Kwenye video ya pili nikaona. Meno ya gia kubwa yameliwa upande mmoja, na gia ndogo imekaa mbali nayo. Nikakumbuka. Kabla ya kulituma nilitoa injini nisafishe. Nikairudisha, nikakaza, sikupima kwa karatasi. Kosa lilikuwa langu.

Nikamwambia ukweli hivyo hivyo, "Dada, hili ni kosa langu, boksi lako ni zima, gia moja tu imeliwa." Nikaagiza gia mpya, na nauli ya basi vikanitoka 35,000. Nikampigia video mdogo wake, akaifunga mwenyewe, karatasi mkononi. Kama ningerudisha hela yote, ningepoteza zaidi na lori lingerudi limekaa. Kama ningebisha, ningemdhulumu mtu. Ukaguzi ulinionyesha deni ni la nani na ni kiasi gani.

Kwa hiyo kwenye duka lako fanya hivi. Kabla ya kuposti, piga video gari linaanza kutoka kusimama mpaka gia ya pili, na nyingine ya gia kubwa ikizunguka. Zihifadhi. Kwenye tangazo andika ulichokijaribu: "limetembea, gia zote mbili zinaingia". Kama hujalijaribu andika "halijajaribiwa", usiandike zima wala bovu. Ukiagiza gia, hesabu meno na hakikisha ukubwa wa meno unaendana na gia ndogo, usiagize kwa kuangalia picha. Na kila ukitoa injini, hata kwa kufuta vumbi tu, karatasi irudi katikati ya gia kabla lori halijaingia kwenye boksi la kusafirishia.

Wewe umewahi kuuza kitu kama kibovu kumbe ni nati tu? Tuambie, wenzako wajifunze.