Ukuta Katikati ya Godauni

Wadogo zangu, maswali yenu ya karibuni yamenifurahisha, maana yanaonyesha mmeanza kutoka. Aliyekuwa anapaki viungo kwenye varanda ya mama yake sasa anatafuta godauni Vingunguti. Waliokuwa wanashona sebuleni wameungana wanne, wamekodi ghala moja upande wa Barabara ya Nyerere, na kila mmoja anataka sehemu yake na kufuli lake. Hapo ndipo mnaniandikia: dada, tugawe kwa kitu gani? Tofali, jipsamu, plaiwudi, mabati au wavu?

Nitawajibu, lakini kwanza niambieni ukuta huo mnataka uzuie nini. Mwizi? Vumbi? Kelele za mashine ya jirani? Moto? Fundi akija hatakuuliza hayo. Atapima upana, atapiga hesabu ya bodi na skrubu, atataja bei, na wewe utaanza kumwomba apunguze. Mkishaanza kuvutana bei, hakuna tena anayekumbuka kuuliza ukuta ni wa kazi gani. Ndiyo maana nawaona watu wakilipia tofali mahali ambapo wavu ungetosha, na wakipiga plaiwudi mahali palipotaka tofali mpaka kwenye paa.

Kama unachotaka ni mzigo wako usiguswe tu, weka wavu wa chuma. Nguzo za mraba, wavu mzito wa kuchomelea, mlango na kufuli. Hewa inapita, mwanga unapita, na ukiwa mezani kwako unaona mali yako. Ukihama unafungua boliti unaondoka nao. Wengi hawaupendi kwa sababu jirani anaona ulichonacho, lakini nikipima hilo na faida zake, bado ningewashauri wavu kwa stoo nyingi mnazonielezea.

Tofali linafaa pale unapotaka kuzuia moto, maji na purukushani. Mjue tu uzito wake. Ukuta wa tofali la saruji la inchi 6 lisilo na tundu, uliopigwa plasta pande zote mbili na kwenda juu mita 3, una uzito unaokaribia tani 1 kwa kila mita unayosonga mbele. Kata chumba cha mita 10 na umeiwekea sakafu mstari wenye uzito wa tani 10. Kama uko chini, mhandisi aangalie unene wa zege na ardhi iliyo chini yake. Kama uko ghorofani, usipandishe hata kozi ya kwanza kabla hajasema. Tena paa la godauni liko juu sana, na fundi atataka kulifuata moja kwa moja. Ukuta mwembamba wa mita 5 au 6 usio na nguzo wala mkanda wa zege unaweza kusukumwa ukaanguka, na huwa unawaangukia watu.

Jipsamu bodi ni nyepesi na inasimama haraka. Watu wanaidharau kwenye suala la moto, na hapo wanaionea. Ndani ya jipsamu kuna maji yaliyofungamana nayo, karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake, na moto ukija maji hayo hutoka kama mvuke, yakachelewesha joto kupita. Lakini hiyo ni kwa bodi iliyofungwa pande zote mbili za chaneli, viungo vimezibwa, na ukuta umefika juu bila mwanya. Bodi ya upande mmoja yenye tundu la waya la ukubwa wa ngumi haikusaidii kitu. Na jipsamu ya kawaida haipatani na maji. Mahali pa kuosha, au chini ya paa linalovuja wakati wa masika, itavimba chini, itaota ukungu, halafu itamomonyoka mkononi.

Plaiwudi ni kuni. Iacheni kwa kaofisi kadogo kalikokaa mbali na mashine na majiko. Na kwa wanaouziwa zile paneli nyeupe zenye bati pande mbili, mwombeni muuzaji akate kipande mbele yenu mwone cha katikati. Ukiona chembe nyeupe nyepesi zinazopukutika, hilo ni povu la polistaireni: linayeyuka, linadondoka likiwaka, na moshi wake ni mweusi na mzito. Zipo paneli zenye sufi ya mawe, ambayo haishiki moto. Bei yake ni kubwa zaidi, na kwa chumba wanachofanya kazi watu ningelipa.

Sasa tuje kwenye jambo linaloninyima usingizi. Mkichora ukuta, mnachora pia njia ya watu kukimbilia. Godauni lilipokuwa wazi, mlango wa nyuma ulionekana kutoka kila kona. Ukishaligawa mara nne, mlango ule unakuwa wa mtu mmoja, naye anaweka kufuli akienda nyumbani, au anauziba kwa magunia. Wengine watatu wamebaki na mlango mmoja wa mbele, na moto ukianzia hapo mbele hawana pa kupita.

Mwaka 1911, tarehe 25 Machi, kiwanda cha nguo cha Triangle kiliungua New York. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Upande wa mlango mwingine palikuwa na kizuizi cha mbao, kimewekwa ili wafanyakazi wapite mmoja mmoja wakikaguliwa mikoba wasitoke na vitambaa. Mwaka 2012 huko Karachi, kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kiliungua na zaidi ya watu 250 wakafa. Madirisha yalikuwa na nondo na milango ya kutokea imefungwa. Ninaposikia mmoja wenu anasema ataweka kijia chembamba mlangoni ili adhibiti wizi wa vifaa, nawakumbuka wale wasichana. Dhibiti wizi kwa daftari la stoo. Njia ya kutokea iache pana.

Kwa hiyo kila sehemu mtakayoigawa iwe na njia mbili za kutoka zinazoelekea pande tofauti, na milango ifunguke kwa nje bila ufunguo mtu akiwa ndani. Kama ukuta unaufanya mlango wa dharura kuwa wa mtu mmoja, sogeza ukuta, acha ujia wa pamoja. Najua mtalalamika kwamba mnapoteza mita za mraba mnazolipia kodi. Zilipieni.

Kabla ya kununua hata skrubu, chukueni chaki mchore kuta sakafuni na kuishi nazo wiki nzima. Sukumeni mkokoteni wa paleti kati ya mistari. Kama kuna foklifti, mpeni dereva ageuze akiwa na mzigo. Ya kawaida huhitaji karibu mita 3.5 hadi 4 ili igeuke vizuri. Tazameni godauni lolote ambalo foklifti imefanya kazi muda mrefu: kwenye kona za kuta, usawa wa goti, utaona michubuko ya rangi ya njano na plasta iliyobanduka. Kona za namna hiyo wekeni nguzo fupi ya chuma iliyojazwa zege, isimame mbele ya ukuta, ipigwe yenyewe.

Na mzigo usiegemee ukuta wa kugawa. Magunia ya mahindi yaliyopangwa mpaka juu yanasukuma kwa ubavu, na ukuta wa jipsamu haukutengenezwa kuzuia msukumo huo. Acheni nafasi ya mtu kupita kati ya rundo na ukuta. Nafasi hiyo ndiyo utakayotumia kukagua panya na fukusi.

Nikitaja fukusi, mwenye stoo ya mahindi na anayeshona ng'ambo ya ukuta nawaomba mnisikilize pamoja. Watu hufanya fumigesheni kwa vidonge vya alumini fosfidi. Vidonge vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, ambayo inaua wadudu ndani ya punje na inaua binadamu vilevile. Gesi hii hupenya. Hupita kwenye mwanya wa juu ya ukuta, kwenye tundu la bomba, kwenye viungo vya bodi, hata kwenye vitundu vya tofali lisilopigwa plasta. Wakati mwingine hunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, na wakati mwingine pua haisikii kitu na mtu tayari anaumwa kichwa, anatapika, kifua kinabana. Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa mwilini. Familia zimekufa usiku kwa sababu chumba cha jirani kilifukizwa.

Kwa hiyo msinidanganye kwamba mna ukuta. Ukuta wa kugawa hauhesabiki kuwa kinga ya fosfini. Siku ya kufukiza, godauni zima liwe tupu, anayeshona na anayepika sabuni wote watoke, na kazi hiyo ifanywe na mtu mwenye kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Gesi hukaa siku kadhaa. Hakuna anayerudi mpaka hewa ipimwe kwa kifaa, na kipimo kiwe chini ya 0.3 kwa kila sehemu milioni ya hewa. Andikeni kwenye mkataba wenu kwamba mwenye mahindi atatoa taarifa mapema na kwa maandishi. Kama mwenye stoo hataki masharti haya, msigawane naye jengo hata akilipa nusu ya kodi.

Wenye unga wa lishe, kwenu ukuta una kazi nyingine. Chumba cha kupepeta na kuchambua kitengwe na cha kusaga, na cha kusaga kitengwe na cha kufungashia, mali iingie upande mmoja itokee mwingine bila kurudi nyuma. Tangu 2019 usajili wa majengo ya chakula uko TBS, na mkaguzi akija atapitisha kiganja ukutani. Kanuni za usafi wa chakula za Codex, ambazo mizizi yake ni ya 1969, zinataka kuta na vigawanyo visivyonyonya maji, laini mpaka kimo kinachohitajika, na vinavyooshika. Tofali tupu halifai. Piga plasta laini na rangi ya mafuta, au vigae. Na sehemu ya juu ya ukuta usiiache bapa: unga hukaa hapo, unageuka keki ya kijivu, kesho yake una wadudu. Ichonge mteremko au ifikishe juu kabisa.

Unga uliotanda hewani unashika moto, tena kwa mlipuko. Cheche za kuchomelea na za grainda zinaweza kuruka mita 11, na ukuta ulioishia katikati hauzizuii. Fundi wa mageti na msaga unga wasikae godauni moja isipokuwa kati yao kuna tofali mpaka kwenye paa, na mianya yote imezibwa.

Hapa mtaona mgongano ambao siwezi kuwafichia. Ukuta unaofika juu unazuia moto na vumbi, lakini unalifungia joto ndani. Chini ya mabati ya Dar es Salaam mwezi wa Januari, chumba kilichofungwa pande nne hadi juu hakikaliki. Basi chagueni ukuta mmoja mmoja. Kati ya shughuli za hatari, fika juu, kisha toboa nafasi za hewa kwenye ukuta wa nje na weka feni za paa kwa kila sehemu. Kati ya wanaofanya kazi zinazofanana, ishia mita 2.4, kimo cha bodi moja, na juu weka wavu. Angalieni pia yale mabati yanayopitisha mwanga yako wapi, msije mkampa mmoja mwanga wote na mwingine akawasha taa mchana.

Umeme sitausemea sana. Kila sehemu iwe na breka zake na mita ndogo yake, msigombane kwa LUKU. Swichi kuu ikae mahali ambapo kila mmoja anaifikia saa zote. Nimeona swichi kuu imefungiwa ndani ya chumba cha mpangaji aliyesafiri, na ikiwa waya unaungua wengine hawana la kufanya.

Halafu ile mikono ya chuma inayokaa mshazari kati ya nguzo za godauni, inayopishana kama herufi X. Itakuwa inawazuia kuweka mlango pale mnapotaka. Msiikate. Ndiyo inayolishikilia jengo upepo ukivuma. Sogezeni mlango.

Ramani ikishakaa sawa, ipelekeni OSHA na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kabla ya kujenga, maana kubomoa kwa amri ya mkaguzi kunauma kuliko ada. Namba ya Zimamoto, 114, iandikeni kubwa kila upande wa ukuta.

Mwisho, mwenye jengo. Apewe barua yenye mchoro, naye asaini. Iandikwe wazi ukuta ni mali ya nani, nani ataubomoa siku ya kuhama, nani ataziba matundu ya boliti sakafuni, na je, gharama itakatwa kwenye kodi au ni sadaka yenu kwake. Akisema "jengeni tu, tutaelewana," msubirini mpaka kalamu ipatikane.