Mafunzo Niliyopata kwa Kufuatilia Viwango vya Fedha Tabora

Nimefundisha historia Tabora kwa muda mrefu, na wanafunzi hawachoki kuniuliza: fedha fulani ya zamani ilikuwa sawa na ngapi ya nyingine? Ili niwajibu ipasavyo nilifungua daftari la viwango. Nimesoma vitabu vya wasafiri, nimeshika sarafu za kale, na nimewasikiliza wazee wa Ng'ambo, Kwihara na Ujiji. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Kiwango bila mahali hakisemi kitu

Katika njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, shanga na nguo ndizo zilizokuwa fedha. Msafiri Stanley, alipokuwa akijiandaa kwa safari yake ya mwaka 1871, aliambiwa kwamba Unyamwezini shanga nyekundu ndizo zinazopokelewa. Nyeusi zilipita Ugogo, lakini kwingineko hakuna aliyezitaka. Za sungomaji zilithaminiwa Ujiji, zikakataliwa kwingine. Mfanyabiashara alilazimika kukisia akiwa bado pwani mahitaji ya masoko yaliyo mbali kwa miezi ya kutembea. Mwanafunzi akiniuliza fundo moja la shanga lilinunua nini, namwuliza kwanza: wapi?

2. Ndani ya tofauti ya bei kuna jasho la mtu

Doti ya merikani, yaani mikono minane ya kitambaa, ilizidi kununua kadiri ilivyoingia bara. Pembe za ndovu nazo zilizidi kupanda bei kadiri zilivyokaribia pwani. Ni rahisi kusema hiyo ilikuwa faida ya tajiri, na kweli alipata. Lakini nguo hiyo ilisafiri mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, yapata kilo 32. Wasafiri Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Njiani kulikuwa na hongo, yaani ushuru wa kupita, ya watemi wa Ugogo, posho ya kila siku, wagonjwa na watoro. Gharama zote hizo zilikuwa zimefumwa ndani ya doti.

3. Mbadili fedha ni wa kale kuliko benki

Msafiri Cameron, aliyefika Ujiji mwaka 1874, ameeleza jambo ninalolisimulia darasani kila mwaka. Soko la Ujiji lilitumia shanga za sofi, zenye umbo la vipande vya shina la kiko. Asubuhi watu wenye mifuko ya sofi waliwapa wanunuzi sofi, wakapokea shanga za aina nyingine. Soko likifungwa, walizipokea tena sofi kutoka kwa wauzaji. Walipata faida wakati wa kutoa na wakati wa kupokea. Ukisimama leo mbele ya ubao wa duka la kubadilisha fedha, wenye bei ya kununua na bei ya kuuza, unaona kazi ile ile.

4. Fedha husimama kwa nguvu ya anayeiahidi

Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani iliweka rupia moja kuwa heller 100, na rupia 15 kuwa sawa na mark 20. Vita Kuu ya Kwanza vilipofunga bahari, sarafu zikaadimika, na mwaka 1916 karakana ya reli hapa Tabora ikageuzwa kiwanda cha fedha. Nimewahi kushika heller 20 ya mwaka huo. Upande mmoja ina taji, herufi D.O.A., yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, na mwaka, upande wa pili thamani yake na herufi T, yaani Tabora. Ni shaba ya njano, nyingi yake ikiwa imetokana na maganda ya risasi na mizinga, na chapa yake haikukaa sawa. Hapa hapa ilipigwa sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora. Mwenye dhahabu alibaki na dhahabu. Mwenye noti alibaki na ahadi ya serikali iliyokuwa ikikimbia.

5. Kiwango kikibadilishwa, mtafute anayelipa

Upande wa Waingereza, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, rupia 15 zilikuwa pauni moja ya Uingereza. Mwaka 1920 serikali ya Uingereza iliifunga rupia ya Afrika Mashariki kwenye shilingi mbili za Kiingereza, hivyo rupia 10 zikawa pauni moja. Deni la rupia 1,500 lililokuwa pauni 100 likawa pauni 150. Walowezi wa Kenya wenye madeni walilia sana, na mwaka 1921 wakataka kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi. Uamuzi wa ofisini London ukawa umefika mfukoni mwa kibarua wa shambani. Mwanaharakati Harry Thuku wa Kenya na wenzake walisimama kuupinga upunguzaji huo, na nawafundisha wanafunzi wangu kuihesabu harakati hiyo kuwa sehemu ya historia ya fedha.

6. Andika viwango viwili: cha serikali na cha mtaani

Shilingi ya Tanzania ilianza kutumika Juni 1966, dola moja ikiwa shilingi 7 na senti 14, na shilingi ya Kenya ilipotoka ikawa sawa na yetu. Kufikia mwanzoni mwa 1986 kiwango rasmi kilikuwa takriban 17 kwa dola, huku mlanguzi akidai mara kadhaa zaidi. Mwaka huo huo serikali ikakipeleka hadi 40. Aliyetafuta sabuni miaka hiyo anakumbuka bei ya mlanguzi, maana ndiyo aliyoilipa. Kwa hiyo nawaagiza wanafunzi waende kwa babu na bibi zao na maswali manne: ilikuwa mwaka gani, mji gani, nani alipanga bei, na nani alipata hasara? Jibu la swali la mwisho ndilo lisiloandikwa kwenye majedwali ya benki, na wanaolijua wanazidi kupungua. Waulizeni sasa.