Usalama wa Ndege Wakati Shirika Linapotikisika

Mwanafunzi asikiapo habari za usalama wa ndege, fikira zake huenda moja kwa moja kwenye injini, mabawa, rada na rubani. Hakosei, lakini hajafika mwisho wa jambo. Nyuma ya kila ndege irukayo limo shirika lenye mafundi, wakaguzi, makarani wa kumbukumbu na wakuu wanaotia sahihi. Shirika hilo laweza kuuzwa, kuunganishwa na jingine, kugawanywa, au kupunguza watu ili liokoe fedha. Chuma hakina habari ya mambo hayo. Nati huchakaa kwa kanuni ile ile, mkurugenzi awe mpya au wa zamani. Kinachobadilika ni macho yanayoitazama.

Sisi wa Afrika Mashariki tunayo historia yetu katika suala hili. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1946, lilivunjika mwaka 1977, na mwaka huo huo Kenya na Tanzania zikaanzisha mashirika yao wenyewe. Kugawana ndege ni kazi iliyo nyepesi kuliko kugawana kumbukumbu za ndege. Fundi anayepokea ndege hana budi kujua kila kipande kimefanya kazi saa ngapi, kilifunguliwa lini, na kwa sababu gani. Cheti kikipotea, umri wa kipande umepotea pia, hata kama kipande chenyewe king'ae namna gani.

Hata hivyo mfano ulioandikwa kwa ukamilifu zaidi watoka Marekani. Mwaka 1978 nchi hiyo iliondoa udhibiti wa serikali juu ya nauli na njia za ndege za abiria. Ushindani ukawa mkali, na mashirika mengi yakatafuta kupunguza gharama na kuzirusha ndege kwa saa nyingi zaidi kila siku. Tarehe 31 Januari 2000, ndege ya Alaska Airlines aina ya MD-83, safari namba 261, ilianguka katika Bahari ya Pasifiki karibu na pwani ya California. Watu wote 88 walikufa.

Juu ya mkia wa ndege hiyo lipo bawa dogo lililolala, ambalo huinuliwa au kuteremshwa kidogo ili pua ya ndege ikae sawa. Kazi hiyo hufanywa na skrubu ndefu ya chuma inayozunguka ndani ya nati ya shaba iliyochanganywa na alumini. Kati ya metali hizo mbili lazima pawepo utando wa grisi. Utando ukikauka, chuma kigumu huila shaba iliyo laini. Wachunguzi walikuta kwamba takriban asilimia 90 ya unene wa hesi za nati ilikuwa imekwisha kulika kabla ya sehemu iliyobaki kukatika.

Grisi ilikosekanaje? Mwaka 1987 shirika lilikuwa likiipaka grisi skrubu hiyo kila baada ya saa 500 za kuruka. Mwaka 1988 muda ukawa saa 1,000. Mwaka 1991 saa 1,200. Mwaka 1994 saa 1,600. Mwaka 1996 hesabu ya saa iliachwa, ikawekwa miezi 8, ambayo kwa ndege za shirika hilo ilikuwa sawa na saa 2,550 hivi. Ukaguzi wa kupima mlegeo wa nati nao ulisogezwa mbele, ukawa wa kila baada ya miezi 30. Msomaji aangalie vizuri: hapakuwa na siku hata moja ambapo mtu alisema grisi ipakwe mara tano pungufu. Kila hatua ilikuwa ndogo, ilikuwa na hoja yake, na ilipita mikononi mwa wenye mamlaka.

Septemba 1997 mlegeo ulipimwa, ukapatikana inchi 0.040, yaani milimita 1.02, sawasawa na kikomo kilichoruhusiwa. Ilipangwa nati ibadilishwe. Zamu iliyofuata ikapima tena, ikapata inchi 0.033, na ndege ikarudishwa kazini. Vipimo viwili vya kitu kimoja vilitofautiana, na kikachukuliwa kile kilichopendeza. Mwalimu wa fizikia atalitambua kosa hilo mara moja, kwani hulikuta kila juma katika madaftari ya maabara. Ukaguzi uliofuata ungefanyika mwaka 2000, miezi michache tu baada ya ajali. Na wakaguzi wa serikali walipoingia katika shirika mwezi Aprili mwaka huo, walikuta nafasi ya mkurugenzi wa matengenezo haina mtu.

Basi kiongozi wa kikosi cha usalama afanye nini wakati shirika linapotikisika? Kwanza, asipime hatua ya leo dhidi ya hatua ya jana. Aipime dhidi ya asili yake, na adai kila badiliko liandikwe pamoja na sababu ya kanuni inayoachwa. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilikusanya masharti ya usimamizi wa usalama katika Kiambatisho cha 19, kilichoanza kutumika mwaka 2013, na humo usimamizi wa mabadiliko ni sharti mojawapo: hatari zitafutwe kabla badiliko halijafanywa.

Jambo la pili, na kwa maoni yangu ndilo gumu zaidi, ni midomo ya watu. Fundi anayeogopa kuachishwa kazi hasemi kwamba alisahau kufunga bolti. Taarifa za makosa zikipungua katika mwezi wa uvumi, meneja mgeni hufurahi. Kiongozi mwenye uzoefu huingiwa na wasiwasi. Hofu hiyo ilikwisha kujulikana zamani. Marekani ilipoanzisha mpango wake wa taarifa za siri mwaka 1976, kazi ya kuzipokea ilipewa NASA badala ya mamlaka yenye uwezo wa kuadhibu. Kiongozi naye yampasa awaambie watu wake mapema anayoyajua, na akiri waziwazi yale ambayo bado hayajaamuliwa, kwa sababu mtu anayekisia hatima yake hawezi kuitazama nati kwa akili yote. Tena yafaa awe na njia ya kumfikia mkuu wa shirika bila kupita kwa wale wanaosimamia bajeti ya matengenezo.

Zoezi la darasani. Chora grafu ya muda wa kupaka grisi tangu 1987 hadi 1996. Tafuta uwiano wa kila hatua kwa ile iliyoitangulia, kisha zidisha uwiano wote pamoja. Utapata 5.1. Halafu wanafunzi wagawanyike makundi mawili: moja liwe wakurugenzi wanaotaka kuokoa fedha mwaka 1994, jingine liwe kikosi cha usalama, na kila kundi litetee neno lake kwa tarakimu zilizojulikana mwaka huo tu.